Ukungu wa Dakika ya Themanini na Sita

Niliajiriwa kuandika, si kuona huruma.
Meza ndefu, jagi la maji, kipasha joto kinachokohoa,
ghorofa ya tatu, Craiova, Jumanne ya Februari.
Naandika: shauri namba arobaini na mbili,
Tiberiu Hăngan, golikipa, miaka thelathini na minne,
dhidi ya klabu ya Minerul Valea Rece.

Anadai mishahara ya miezi saba.
Hilo, asema wakili Paraschiv, halina ubishi:
klabu inakiri, klabu inasikitika,
klabu italipa hali itakaporuhusu.
Naandika hali, herufi nne,
nikijiuliza huyu Hali anakaa wapi,
ana simu, ana mke, huamka saa ngapi,
maana hakuna anayemfahamu na kila mtu anamngoja.

Ubishi ni bonasi.
Kifungu cha kumi na moja: lei mia sita
kwa kila mechi ambayo golikipa hakufungwa.
Tarehe tisa Novemba hakufungwa.
Ila dakika ya themanini na sita
ukungu ulishuka kutoka machimboni,
ukameza bendera za kona, ukammeza mshika kibendera,
mwisho ukaumeza mpira wenyewe.
Mwamuzi alingoja robo saa, akapuliza,
watu wakapapasa njia kurudi majumbani,
ikaandikwa: mechi imevunjika.

Iliyovunjika, asema wakili, haikuchezwa.
Isiyochezwa haina goli, sawa,
lakini haina pia asiyefungwa.
Anatabasamu
kama mtu aliyefunga penalti langoni hamna kipa.

Hăngan anaulizwa kama ana la kuongeza.
Anaanza mbali, anaanza na mlango wa mhasibu.
Miezi saba, anasema, nimepigwa danadana,
rais wa klabu kwa mhasibu, mhasibu kwa rais,
goti, kichwa, kifua, goti,
na lazima niwasifu, hawakuniangusha hata mara moja.
Mimi mlinda mlango nimesimama nje ya mlango
ambao haujaruhusu kitu kupita tangu Julai.
Kama bonasi ni ya asiyefungwa,
mpeni mhasibu.

Mjumbe mmoja anacheka, kisha anajifanya amekohoa.

Halafu Hăngan anavua glavu,
ya sufu, ya mkono wa kushoto,
aliyoivaa humu ndani tangu asubuhi
nami nikadhani ni baridi tu.
Kidole cha pete kimekaa upande
kama msumari uliopigwa na mlevi.
"Dakika ya sabini na moja. Mpira wa kichwa.
Niliupangua kwa hiki, ukagonga mtambaa panya."
Anamgeukia wakili, bila haraka:
"Nacho hakikuchezwa?"

Mechi imevunjika. Kidole kimevunjika.
Kitenzi kilekile mara mbili kwenye ukurasa mmoja,
na kimoja tu ndicho kinachouma wakati wa kufunga vifungo vya koti.

Mwenyekiti anauliza kama mechi ilirudiwa.
Ilirudiwa, Desemba, matatu kwa bila.
Langoni alisimama kijana wa miaka kumi na saba,
Răzvan, mtoto wa mfua jezi.
Naye analipwa? Wakili anapekua makaratasi.
Anapekua sana.
Naye, anasema, yuko kwenye utaratibu.

Uamuzi ndani ya siku thelathini.
Viti vinaburutwa, jagi halikuguswa.
Hăngan anasaini, akikandamiza karatasi
kwa ubavu wa mkono mbovu ili isiteleze.

Nabaki peke yangu kunakili kumbukumbu kwa safi.
Nimeandika: mlalamikaji alionyesha kidole.
Nasita. Itasomeka
kana kwamba alimnyooshea mtu.
Ningeweza kurekebisha: alionyesha jeraha,
alionyesha mkono wake wa kushoto.
Kazi yangu ni kuandika kilichotokea.

Nimeiacha ilivyo.